Kabla Swali Halijaisha

Foleni ya benki ilikuwa imegoma kusogea. Madirisha sita, mhudumu mmoja, na watu wamepangana mpaka mlangoni wakijipepea kwa vipeperushi. Ukutani, televisheni ilionyesha chemsha bongo. Mtangazaji aliuliza mji mkuu wa Australia, na kijana mmoja wa tai nyekundu akatoa kifua mbele na kujibu: Sydney.

"Canberra!" zikapaa sauti mbili kwa pamoja.

Foleni nzima ikageuka. Sauti ya kwanza ilikuwa ya mwanamke aliyevaa gauni la kijani kibichi, koti jeupe la famasia likiwa limekunjwa mkononi. Ya pili ilitoka nyuma yake, kwa mwanamume mrefu wa ovaroli ya buluu, mwenye grisi mpaka kwenye ndewe ya sikio.

"Umeniibia jibu," mwanamke akasema.

"Nimekuibia vipi, dada, na mimi ndiye niliyetangulia?"

"Tumefika pamoja!"

"Haya, pamoja." Akatabasamu. "Pamoja nayo si mbaya."

Kufika dirishani walikuwa wameshabishana juu ya pweza ana mioyo mingapi, ingawa wote walijua ni mitatu. Watu wenye ugonjwa huu wa chemsha bongo hawabishani ili wajue. Wanabishana ili wasinyamaze. Mwanamke alikuwa mfamasia wa hospitali kubwa, mwanamume fundi wa lifti, na jioni hiyo hiyo walikuwa wameshapeana namba za simu.

Fundi alikuwa na jina lake la mjini, Kengele. Alilipata kwenye mkahawa uliokuwa na chemsha bongo kila Jumamosi alasiri. Meza mbili zinashindana, kila meza na kengele yake. Atakayebonyeza kabla swali halijaisha, msomaji anakatiza hapo hapo. Akipata, alama zake. Akikosa, swali linasomwa lote kwa meza ya pili, naye amekaa na aibu yake. Wengi walisubiri. Kengele hakusubiri.

"Ni nchi gani iliyoandaa na kutwaa Kombe la..."

Ngriii! "Uruguay!"

"Ni sayari gani ambayo siku yake..."

Ngriii! "Zuhura!"

"Unajuaje kwamba hawatauliza kitu kingine?" Mfamasia alimuuliza siku alipohamia rasmi kwenye meza yake, amevaa blauzi nyeupe na hereni ndefu alizoazima kwa dada yake.

"Swali likishashika njia, Dozi wangu, mtu unaona linaelekea wapi."

Dozi. Kutwa mara tatu, hivyo ndivyo Kengele alivyomwambia kwenye simu: atampigia asubuhi, mchana na jioni, asiruke hata mara moja. Mfamasia akasema "Na ukizidisha?" Akajibiwa "Utanizika wewe mwenyewe." Mfamasia alikuwa mtu mzima mwenye shahada ukutani, lakini simu ilipoita alikimbilia stoo ya dawa kama msichana wa shule, akacheka huko peke yake katikati ya maboksi ya glukosi. Alimpenda. Hakuna haja ya kuzunguka.

Fundi aliishi na mama yake, ambaye kiharusi kilikuwa kimemlaza upande wa kulia. Hakuwa na ndugu mwingine wa kumsaidia. Kila mchana aliacha lifti za watu akaenda kumlisha na kumgeuza. Siku moja Mfamasia aliwahi kufika kabla yake. Akavua hereni, akakunja mikono ya blauzi, akambadilisha bibi yule shuka na kumwosha, huku wakichekeshana kwa lugha ya macho. Mwanaume aliporudi aliwakuta hivyo. Alisimama mlangoni muda mrefu. Jioni ile hakupiga simu.

"Amechoka tu," Mfamasia alimwambia dada yake.

"Au ameona haya," dada akasema. Dada yake alikuwa na saluni, na maoni aliyatoa bila kuombwa. "Mwanaume akikuona unamwosha mama yake, ama anakuoa kesho ama anakukimbia."

Kisha ikaja habari ya kazi. Hospitali mpya, mji wa mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi. Famasia yote iwe chini yake. Mkubwa wake wa kazi alitaka jibu Jumatatu. Hiyo ndiyo kazi aliyoisomea, na wiki moja kabla ya foleni ile ya benki angeirukia kwa miguu yote miwili. Sasa alitaka kitu kimoja tu: mtu mmoja amwambie abaki.

Jumamosi, meza yao ilipomaliza kushinda, alimvuta kibarazani. Alikuwa amevaa lile gauni la kijani. Alikuwa amelipiga pasi mara mbili kwa ajili ya sentensi moja.

"Wamenipa nafasi, mbali," alisema. "Nimefikiria sana. Nikiikataa, nikabaki hapa, wewe uta..."

"Usiikatae," akasema Kengele. "Nenda."

Hakupepesa macho. Ndani, watu walikuwa wanapiga makofi kwa sababu mtu amejua kiungo gani kinatengeneza insulini mwilini. Kongosho. Hata hilo Mfamasia alilisikia, na baadaye alijichukia kwa kulisikia.

"Hujanisikiliza mpaka mwisho," alisema.

"Ni nafasi nzuri. Mtu hairudishi."

"Sawa."

"Umekasirika?"

"Nimesema sawa."

Jumatatu alikwenda akakubali, akatia saini. Aliyebonyeza mapema akakosa hasomewi swali lililobaki. Hiyo ndiyo kanuni, na Mfamasia aliishikilia kwa hasira zote alizokuwa nazo. Simu ziliendelea, lakini dozi zilikuwa zimepungua nguvu.

"Dozi, mfupa mdogo kuliko yote mwilini?"

"Uko sikioni."

"Unaitwaje?"

"Nina wagonjwa dirishani. Kwaheri."

Dada yake alimkuta anakunja nguo huku analia, akakaa juu ya sanduku lisifungike.

"Mpigie ummalizie hilo swali lako."

"Simpigii. Mwanaume anayekupenda anasubiri umalize kusema."

"Huyo hajasubiri kitu tangu azaliwe! Unamjua alivyo. Unamhukumu kwa ugonjwa uliompendea?"

Maneno hayo yalimwingia. Usiku hakulala vizuri, na asubuhi ya safari, mizigo ikiwa tayari kituoni na dada yake anailinda, alichukua pikipiki mpaka jengo la ofisi alikokuwa anafanya kazi Kengele. Lifti ilikuwa mbovu. Makarani walikuwa wanapanda ngazi wanahema na kulaani, na Kengele alikuwa amepiga magoti mbele ya mlango ulioachama, tochi mdomoni.

Alimwona, akaitoa tochi.

"Nilikuwa namalizia swali," Mfamasia alisema, bila salamu. Alikuwa amelifanyia mazoezi juu ya pikipiki. "Siku ile. Nilitaka kuuliza, nikibaki hapa, wewe..."

"Utanioa," Kengele akasema.

Karani mmoja alipita kati yao akiomba radhi. Mfamasia alimngoja apite.

"Kumbe ulijua."

"Mimi sijawahi kubonyeza bila kujua swali linaishia wapi."

"Sasa kwa nini?"

"Kwa sababu ungelimaliza, ningesema ndiyo." Alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa ambacho kilikuwa kichafu kuliko mikono yenyewe. "Ningesema ndiyo kabla hujafunga mdomo. Halafu nikakukumbuka umekunja mikono, umemwinamia mama. Nikaona miaka yako yote imeinama vile. Mama hana siku za kuhesabika, Dozi. Daktari anasema moyo wake ni mzima kabisa, ataishi miaka."

"Mimi nilikuambia nimechoka? Mimi ndiye niliyetaka!"

"Najua."

"Umejibu swali langu, ukanijibia na mimi!"

"Najua, mpenzi."

Kulia alikuwa ameshalia. Sasa alikuwa amebaki na ghadhabu, na chini ya ghadhabu kitu kibaya zaidi, kwa sababu aliona anapendwa, na anapendwa hasa, kuliko alivyowahi kutumaini. Angekuja akakuta mtu asiyejali, angeondoka mwepesi.

"Unaweza kuja wewe," alisema kwa sauti ya chini. "Na mama."

"Kutwa nzima kwenye basi? Juzi mimi na jirani tulimshusha ghorofa moja, pumzi ikamkatika, tukadhani tumempoteza."

Alijua. Alimjua bibi yule mwili wake wote, kila kidonda cha mgongoni, na alijua kwamba safari hiyo haipo. Alitafuta njia nyingine kichwani, kichwa kilichojaa miji mikuu na mito na mwaka wa kila vita, na hakukuta.

"Basi niulize wewe," alisema. "Mimi nimeshindwa kumaliza, wewe umalize. Ukinitaka nibaki, niulize sasa hivi, hapa. Kule nitawapigia simu, sijali watasema nini. Sitakulaumu hata siku moja."

Kengele alikunja kitambaa mara moja, akakikunja tena. Akafungua mdomo. Tangu wajuane hakuwahi kuonekana mzito wa kusema, na Mfamasia, ambaye alikuwa amelalamikia haraka yake miezi yote hiyo, alimwomba Mungu aharakishe.

"Basi lako linaondoka saa ngapi?" akauliza.

Ngazini mtu alikuwa anauliza lifti itapona lini.

"Saa nne," Mfamasia akasema.

"Wahi mapema. Barabara za asubuhi unazijua."

"Nazijua," akasema.