Vidole vya Widad

Msimu wa maua ya mdanzi, ule mchungwa mchungu, mji wa pwani wa Nabul hunukia tangu alfajiri hadi watu wanapolala. Harufu huingia madarasani, hukaa kwenye mikate, hata kwenye mashuka ya kitandani. Siku hizo Widad, msichana wa miaka kumi na miwili, alipotoka shule alipitia karakana ya vyungu ya baba yake, akamsalimu, kisha akapanda ngazi hadi juu ya paa la nyumba yao, paa bapa kama sakafu. Huko mama yake, Bi Monjia, alikuwa ametandaza shuka jeupe lililojaa maua yaliyochumwa asubuhi. Mama alichambua majani na vijiti huku chungu cha shaba kikitokota pembeni, na maji ya maua yakidondoka ndani ya chupa, tone baada ya tone.

Widad alikaa kwenye kivuli cha ukuta na kitabu chake cha kusoma. Hapo ndipo mambo yalipoanzia kila mara. Jua lilikuwa la uvuguvugu, mvuke ulipanda polepole, maneno ya kitabuni yakaanza kuelea. Mkono wake wa kushoto ukapanda wenyewe, ukaingia nyweleni juu ya sikio. Vidole vilitembea taratibu, vikazipita nywele laini, vikiutafuta unywele mmoja mgumu, wenye mikunjo. Viliupata. Vikauzungusha. Vikauvuta. Maumivu madogo sana, kisha utulivu wa ajabu ukamshukia, mithili ya mtu anayezama usingizini. Halafu vidole vikatafuta mwingine.

Aliposhtuka, kivuli kilikuwa kimehama, ukurasa ulikuwa uleule, na nywele zilikuwa zimetapakaa juu ya sketi yake. Alizipuliza haraka kabla mama hajageuka.

"Leo ndiyo mwisho," alijiambia. Jana pia alikuwa amejiambia hivyo.

Ijumaa moja, mama alimketisha ili amsuke. Kitana kilifika juu ya sikio, kikasimama.

"Subhanallah! Widad, nini hiki? Hapa pako wazi kama kiganja!"

Widad alipafunika kwa mkono. Aseme nini? Kwamba anajing'oa mwenyewe? Nani angemwelewa, wakati hata yeye hakujielewa?

"Labda ni mapunye, mama," alisema. "Sundus aliniazima kitana chake."

"Sundus yupi? Huyu mjukuu wa Bibi Shadhlia?"

"Huyo huyo."

Sundus alikuwa rafiki yake tangu wakiwa wadogo, walikaa dawati moja, na hakuwahi kumwazima kitana. Nywele zake zilikuwa nyeusi, ndefu, zikimfika kiunoni. Lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Bi Monjia hakuwa mtu wa kuweka jambo moyoni. Siku ya shule ilipofika, alimkamata Mwalimu Hayet pale getini, mbele ya wazazi wengine, akamwambia kwa sauti kwamba Sundus ana mapunye. Kabla ya mapumziko Sundus alikuwa amehamishiwa dawati la peke yake, karibu na dirisha. Na watoto ni watoto.

"Sogea huko, dada mapunye!"

"Ukimgusa tu, kesho kipara!"

Widad alikaza kitambaa alichoanza kujifunga kichwani, akaangalia chini. Alingoja yaishe. Hayakuisha. Baada ya siku chache Sundus aliingia darasani nywele zake zikiwa zimekatwa, fupi kama za mvulana.

"Bibi alichukua mkasi," Sundus alimwambia Widad wakati wa kutoka. Macho yake yalikuwa yamevimba. "Kasema afadhali nywele ziende kuliko tusemwe mtaani. Lakini mimi sina kitu kichwani, Widad. Sijui nani kamdanganya mama yako. Wewe unamjua?"

"Simjui," Widad alijibu, na sauti yake mwenyewe ilimsikikia kama inatoka mbali, chini ya maji.

Alasiri ile alipanda juu ya paa bila hata kupita karakana. Hakusoma. Alikaa tu ndani ya harufu ile tamu, na vidole vikafanya kazi yao mpaka ngozi ikawaka moto.

Dawa ya mapunye haikusaidia chochote, na mwishowe mama alimpeleka kliniki. Daktari alimulika taa, akatazama kwa kioo cha kukuzia, akatikisa kichwa.

"Haya si mapunye, mama. Mapunye huwasha na kutoa magamba. Hapa ngozi ni safi, ila nywele zimekatikakatika, huu mfupi, ule mrefu kidogo. Naomba binti azungumze na Bi Nejla, chumba cha pili. Ni mshauri wetu wa mambo ya akili na hisia."

Chumba cha Bi Nejla kilikuwa na pazia la samawati lililokuwa likipumua na upepo. Mwanamke huyo hakumwambia Widad avue kitambaa. Alimmiminia chai ya mnanaa, akauliza swali moja tu:

"Unaposoma, mwanangu, mkono wako huwa wapi?"

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hivyo. Widad alilia mpaka chai ikapoa.

"Huenda wenyewe," alisema hatimaye. "Nashtuka tu nimeshavuta."

"Na ukishavuta?"

"Natulia. Halafu najichukia."

Bi Nejla alimwomba ruhusa, akamwita mama na kumweleza. Bi Monjia alishika mashavu.

"Yaani anajing'oa mwenyewe? Widad, una wazimu? Si uache tu!"

"Siwezi, mama! Ningeweza, ningeacha zamani!"

"Bi Monjia, mwanao hana wazimu," Bi Nejla alisema kwa upole. "Wala si utundu, wala hakuna aliyemroga. Ni hali inayojulikana. Wako watoto wengi walio nayo, na watu wazima pia, ila wanajificha chini ya vitambaa kama yeye. Mwili umejizoesha kujituliza kwa njia hiyo. Ukimkemea, anaingiwa na wasiwasi zaidi, na wasiwasi ndio unaourudisha mkono kichwani."

Mama aliukamata mkono wa kushoto wa Widad, ule ule, akaushikilia kwenye mapaja yake. Ndipo Widad alipojisikia anaweza kulisema na lile jingine.

"Mama, Sundus hakuniazima kitana."

Bi Monjia alifumba macho. "Ee Mola wangu. Na mimi nimemtangaza mtoto wa watu pale getini!"

Walikwenda moja kwa moja kwa Bibi Shadhlia. Bibi aliwasikiliza akiwa amesimama mlangoni, hakuwakaribisha ndani. Sundus alitokea nyuma yake.

"Ulisema humjui," Sundus alisema. "Nilikuuliza, ukasema humjui."

"Nisamehe. Niliogopa."

"Mimi nilikucheka lini, Widad? Ungeniambia mimi kwanza!" Aligeuka akaingia ndani.

Bibi Shadhlia alishusha pumzi. "Mlinilaghai, ni kweli. Lakini mkasi niliushika mimi. Sikumtazama hata kichwa mjukuu wangu. Nendeni, mkalisafishe jina lake huko mlikolichafua."

Kesho yake Widad alisimama mbele ya darasa. "Sundus hana mapunye wala hajawahi kuwa nayo. Mimi huwa navuta nywele zangu, na nilisema uongo." Kuna aliyecheka. Mwalimu Hayet alimtazama mara moja tu, kicheko kikafa. Kisha mwalimu naye akamwomba Sundus msamaha, mbele ya wote, kwa kumtenga bila kuuliza.

Kuuzuia mkono kulikuwa kugumu kuliko kusimama mbele ya darasa. Bi Nejla alimfundisha kwanza aujue mkono wake: huondoka saa ngapi, akiwa wapi, akihisi nini. Widad akagundua kwamba huondoka anaposoma, anapochoka, na anapoogopa. Kwa hiyo wakati wa kusoma alifunga kitambaa, na kidole gumba na cha shahada akavizungushia plasta, ili vikifika nyweleni visihisi kitu na yeye azinduke. Halafu mkono ulihitaji kazi nyingine. Baba yake alimletea bonge la udongo laini kutoka karakanani.

"Huu haung'oki," alisema. "Ukande utakavyo. Ukinitengenezea bakuli, nitaliuza mimi, faida nusu kwa nusu."

Mama naye alijifunza. Mkono wa Widad ulipoanza kupanda, hakupiga kelele tena. Alimwita tu, "Njoo unisaidie maua," na wote wawili walikaa kando ya shuka, wakichambua petali nyeupe kimyakimya, mpaka hamu ile ikapita kama wingu linavyopita juu ya paa na kwenda zake baharini.

Maua yaliisha, joto likaja. Juu ya sikio la Widad kulichipua nywele fupi, laini kama manyoya ya kifaranga. Sundus alirudi kwenye dawati lao, kwanza bila kusema mengi, kisha akisema kidogo, kisha akipiga porojo kama zamani. Halafu mitihani ikafika, na jioni moja Widad alizinduka na kukuta plasta zimebanduka na nywele ziko sketini.

Alifika kwa Bi Nejla ameinamisha kichwa. "Nimeharibu kila kitu."

"Umeharibu nini? Zamani ungevuta ukaficha. Sasa umevuta ukaja kuniambia. Hali hii inaweza kurudi siku ukichoka, na tutaishughulikia tena, hivi hivi." Bi Nejla aliinama kumtazama machoni. "Nisikilize vizuri. Kuvuta nywele hakujawahi kuwa kosa lako, na hupaswi kuona aibu kwa hilo. Uongo juu ya Sundus ulikuwa kosa lako, nawe umeulipia kwa kusema kweli. Usiyachanganye mambo hayo mawili maisha yako yote. Ugonjwa tunautafutia msaada. Kosa tunalitubia. Na yote mawili, mwanangu, yanaanza kwa kufungua mdomo."

Widad aliitikia kwa kichwa, akatoka. Sundus alikuwa amekaa kwenye benchi la ukumbini akimngoja, akijipepea kwa daftari.

"Jana nilivuta," Widad alimwambia, kabla hajaulizwa.

Sundus aliacha kujipepea. "Nyingi?"

"Si nyingi."

"Haya basi, twende," Sundus alisema, akiinuka na kumshika mkono wake wa kushoto. "Njaa inaniuma."