Nilimsaka Mwizi wa Wimbo wa Mume Wangu Hadi Kanada

Mume wangu alikuwa na miezi saba kaburini niliposikia anaimba kwenye simu ya mteja dukani kwangu!

Ilikuwa sauti yake, Kipkirui wangu, na gitaa lake. Lakini juu yake kulikuwa na mwanamke nisiyemjua, naye anaimba... na video ina jina moja tu la kisanii, la huyo mwanamke.

Mteja akaniambia wimbo umevuma sana huko Kanada. Mtu amelala chini ya udongo kijijini Ziwa, mwingine anajitafutia sifa kwa koo lake!

Niwaambie ukweli, hata mkinitukana. Nyimbo zile ndizo pekee alizowaachia wanangu wawili. Shamba hatuna, na chumba chetu hapa mtaa wa Huruma, Eldoret, ni cha kupanga.

Nikaenda kwa wakili Walubengo. Akanieleza kwamba haki ya wimbo haifi na mwimbaji, na hata Kanada inalindwa. Ila kwanza korti inipe barua ya kusimamia mali ya marehemu, na korti haianzi bila barua ya chifu inayotaja familia yote.

Chifu aliniuliza mara moja tu.

"Watoto wa marehemu ni wangapi, Mama Antony?"

"Ni wawili. Antony na Betty."

Akaandika, nikatia sahihi, akapiga muhuri. Korti nayo ikanipa barua yangu. Walubengo akawaandikia wenye mtandao, wimbo ukaondolewa! Tukamwandikia na yule mwanamke, aombe radhi hadharani.

Hakuomba. Alituma wakili hapa Eldoret, akataka barua yangu ifutwe.

Siku ya kesi, wakili huyo hakusema mengi. Alitoa programu ya mazishi ya mume wangu, akaniomba nisome mstari wa watoto. Programu hiyo niliiandika mimi. Siku ile ukoo mzima ulikuwa umekaa mbele yangu, ningethubutu vipi kuruka mtu?

"Baba mpendwa wa Cherono, Antony na Betty."

Cherono... Binti wa mke wa kwanza. Nilijua yuko nje, ila nchi gani sikuwahi kuuliza, wala sijawahi kumwona ana kwa ana. Kwa chifu nilijiambia ana maisha yake, hataki nyimbo za mtu maskini.

Jaji alivua miwani.

"Mama, waombolezaji uliwaambia watatu, chifu ukamwambia wawili. Ulimdanganya nani?"

Kwenye skrini ya korti akatokea yule mwanamke wa video, analia.

"Mama, sikukuwa na namba yako. Mazishi ilinipita, nikataka tu kuimba na baba mara moja."

Aliniita mama, jamani. Nilitamani sakafu inimeze.

Barua yangu ilifutwa siku hiyo. Uongo wangu unachunguzwa na polisi. Wimbo umefungwa mpaka familia yote ikubaliane, na Cherono hashiki simu yangu. Wanangu wananiuliza kwa nini baba hachezwi tena. Nawaambia mtandao una shida.

Wajane wenzangu, chifu akiuliza watoto ni wangapi, tajeni wote, hata yule anayewauma roho. Mimi nilivuka bahari kwa barua kumtafuta mwizi, na karatasi ya uongo ilikuwa na sahihi yangu.