Mikono ya Blauzi Nyeupe

Chiriku hakupewa jina hilo alipozaliwa. Alibandikwa na bibi yake, kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Kila jioni alivua sare ya shule, akaosha vyombo, kisha akanyoosha nguo za nyumba nzima kwa pasi, na muda wote huo alikuwa akizungumza.

Jioni hiyo alikuwa na la kuzungumza. Mama yake, mfuaji wa mashuka hotelini, angefanyiwa usaili kesho yake katika hospitali iliyokuwa ikitafuta msimamizi wa chumba cha kufulia. Mama aliitaka kazi hiyo kwa moyo wote. Hotelini alifanya zamu za usiku, na siku nyingi yeye na binti yake walipishana mlangoni; jioni hiyo tu alikuwa ameomba ruhusa.

"Siku hizi hawakuulizi unajua nini," Mama alieleza. "Wanasema, tueleze siku ulipopata tatizo kazini, na ulifanya nini."

"Basi tufanye mazoezi," Chiriku alisema. Alisimama nyuma ya meza ya pasi, blauzi nyeupe ya Mama mbele yake, akakunja uso kama bosi. Bibi akawa mwenyekiti wa usaili, huku akichambua maharage. "Mama, sema hoteli ilishika moto ukauzima peke yako. Watashika vichwa."

Mama akajaribu. Bibi hakuinua macho.

"Moto ulianzia wapi?"

"Ulianzia... jikoni."

"Na wewe mfuaji ulikuwa unatafuta nini jikoni?"

Mama akashikwa na kigugumizi, na wote watatu wakaangua kicheko.

"Ngoja ninywe maji, moto huu umenikausha koo," Mama alisema, akaenda jikoni. Bibi akamfuata kubandika maharage.

Chiriku aliendelea kuigiza bosi mbele ya kioo. Aliposikia harufu, alikuwa amechelewa. Pasi ilikuwa imeacha alama ya kahawia kwenye mkono wa blauzi, karibu na kifungo. Mama hakuwa na blauzi nyingine ya maana. Chiriku aliikunja haraka, alama ikawa ndani, akafungua dirisha.

Mama alirudi, akaketi. "Nitawaambia la kweli. Kuna siku nilisahau kitambaa chekundu kwenye mashine, mashuka meupe yote yakatoka rangi ya waridi. Nilitamani kuyasukumia chini ya kapu niondoke zangu. Lakini wageni walikuwa njiani, basi nikamwendea msimamizi, nikamwambia ni mimi. Alifoka, ndiyo, ila tuliwahi kuazima mashuka ya ghorofa nyingine. Tangu siku hiyo, kabla ya kuwasha mashine, humwomba mwenzangu aikague na yeye."

"Hilo hata nikuulize mpaka asubuhi hutakwama," Bibi alisema.

Mama akageuka. "Mbona chiriku wetu kanyamaza?"

Chiriku aliikunjua blauzi, machozi yakimlengalenga. "Mama, nimeiunguza. Halafu nikaificha."

Mama aliushika mkono ule wa blauzi, akaigeuzia alama kwenye mwanga.

"Lete mkasi," Mama alisema. "Ungeniacha nigundue asubuhi, ningekwenda na fulana."

Wakakata mikono yote miwili juu ya kiwiko. Mama akashona pindo moja, Chiriku la pili. La Chiriku lilikwenda upande kidogo.

Kesho yake Mama alirudi akitabasamu. "Waliniuliza, tueleze siku mtu unayemwongoza alipokosea."

"Ukasemaje?"

"Nikawaonyesha mikono ya blauzi."

Chiriku akajifunika uso kwa viganja.

"Mwenyekiti akauliza nani kashona huu uliopinda. Nikamjibu, ni yule yule aliyeunguza, na alikuja kuniambia mwenyewe."

Wiki iliyofuata hospitali ikapiga simu. Mama alikuwa amepata kazi, tena ya mchana. Jioni ya kwanza alipowahi kurudi, aliketi kando ya meza ya pasi.

"Mwanangu, kila mtu anakosea," alimwambia. "Kosa ukilisema mapema, wenzako wanapata nafasi ya kukusaidia kulirekebisha. Ukilificha, unalibeba peke yako, na linazidi kuwa zito."

"Nimeelewa, Mama. Tena leo shuleni, mwalimu wetu—"

"Inua pasi kwanza," Mama alisema, akivuta kiti karibu. "Halafu unisimulie yote. Leo siendi popote."