Delko ya Mwalimu Noé

Saa kumi na mbili asubuhi, siku moja ya mwezi wa tatu mwaka 1997, Mwalimu Noé alikaa kwenye usukani wa Land Rover yake na kuzungusha ufunguo. Gari likakohoa, likanyamaza. Akarudia, likanyamaza tena. Kando yake alisimama kapiteni wa jeshi lililokuwa likikimbia vita kutoka upande wa Kabalo, aliyekuja kulichukua gari, pamoja na askari wanne waliokuwa bado na usingizi. Noé alishuka, akafungua boneti, akabaki ameduwaa. Kifuniko cha delko, kile kikombe cheusi kinachogawia plagi umeme, hakikuwepo.

"Bameiba delko," alisema.

"Nani anayua hii moteur?" kapiteni aliuliza kwa Kiswahili cha kuungaunga.

Noé angeweza kusema hajui. Lakini bunduki ilikuwa karibu na woga ulikuwa karibu zaidi.

"Bokungu," alisema Noé, akimtaja fundi wake wa gari. "Mekanisie. Njo yeye tu."

Kabla jua halijapanda vizuri, Bokungu alikuwa amefungwa katika kambi ya muda nje ya mji. Kapiteni akamwita Inspekta Ézéchiel Kitwa wa polisi ya upelelezi. Wakubwa wa Kitwa walikuwa wamekwisha kukimbilia Lubumbashi. Yeye alibaki Kamina kwa sababu hakuna aliyekumbuka kumwambia aondoke. Amri ilikuwa fupi: msafara unaondoka kwenda Kaniama saa kumi jioni. Delko ikipatikana, Bokungu anarudi nyumbani. Isipopatikana, anakwenda nao, na kesi yake itasikilizwa huko mbele. Huko mbele hakukuwa na korti yoyote, na Kitwa alilijua hilo.

Alianza na gari. Noé alikuwa ndugu yake wa ukoo, na kiwanja kile alikifahamu vizuri: nyumba kubwa ya matofali, hangari la gari, na mbele ya hangari kijumba cha chumba kimoja alimokaa Mama Tamar, mama mzazi wa Talitha, mke wa Noé. Walipokuwa wameinamia injini, mama huyo alitoka na ndoo. Noé alizunguka upande wa pili wa gari mpaka akapita, na Kitwa akageuza uso ukutani. Kwa Baluba, watu wa kabila lao, mtu na mama mkwe wake hawatazamani, hawali pamoja, wala hawasemi ana kwa ana. Na mkwe wa Noé, kwa ukoo, alikuwa mkwe wa Kitwa pia.

Gari lilikuwa zuri, na ubaya wote ulianzia hapo. Noé, mwalimu wa shule ya Wamethodisti, alilinunua mwaka uliotangulia kwa mfanyabiashara Mgiriki aliyekuwa anafunga duka. Wakati ule lilikuwa kopo tupu, sakafu imetoboka, milango imefungwa kwa waya. Mtu mwenye akili angeliacha hivyo hivyo, likambebea samaki wakavu kutoka Kinkondja, na hakuna askari ambaye angeligeukia. Lakini Noé alipata gari lake la kwanza akiwa na miaka arobaini na mitano, na mtu wa namna hiyo hashikiki. Bokungu alimwongezea vyuma vya resori, yaani springi, kutoka kwenye lori bovu, likasimama juu. Akamfungia magurudumu mapana, akapandisha bomba la hewa mpaka usawa wa paa ili lipite kwenye maji ya njia ya Kabondo-Dianda, akachomelea chuma kizito mbele na kichanja cha magunia juu. Mwisho Noé akachagua rangi mwenyewe. Akachagua kijani, rangi ya jeshi kabisa. Ukimwuliza leo kwa nini, anatazama chini.

Kitwa alichunguza nyaya tano zilizokuwa zikiingia kwenye delko. Hazikukatwa. Zilichomolewa moja moja, zikapangwa kwa mfuatano wake, zikafungwa pamoja kwa kamba ya majani, kwa fundo wanalofungia mafungu ya samaki.

"Mwizi anakata," Kitwa alisema. "Huyu alikuwa anawaza kurudisha. Mulango wa lupango?" aliuliza, akionyesha lango la kiwanja.

"Ulikuwa wa kufungwa na ndani. Mais kibambazi kiko kifupi, muntu anaweza kuruka."

"Na humu ndani ulitafuta?"

"Na mikono yangu, ndugu. Nyumba, jikoni, choo, kila pahali."

Kitwa alimwamini, akaenda nyumbani kwa Bokungu.

Fundi huyo alikuwa mtoto wa askari wa Équateur, mkoa wa kaskazini walikotoka wanajeshi wengi. Alizaliwa kwenye base ya Kamina, kambi kubwa ya jeshi, akahamia mjini, akafungua karakana nyumbani kwake nyuma ya gare, stesheni ya treni. Mke wake, Gracia, alisimama mlangoni na watoto wake watatu huku inspekta akimwaga masanduku ya vyuma, akipindua kitanda, na kumwondoa mama mzazi wa Gracia juu ya mkeka aliokuwa amelalia na homa. Hakupata kitu.

"Munatafuta kwa muntu mwenye kutengeneza," Gracia alisema. "Mwenye kutengeneza ataharibisha juu ya nini?"

Kwa nini, kweli? Lilikuwa swali zuri. Kitwa alilibeba mpaka kambini, ambako Bokungu alikuwa amekalishwa chini, mkono mmoja umefungwa kwenye gurudumu la lori. Mdomo wake ulikuwa umevimba, lakini alizungumza kwa wepesi.

"Shefu, ile gari niliifanya mwaka muzima. Ninaweza kuiua?"

"Nani mwingine anayua delko iko nini?"

"Bantu mingi. Kila dereva."

"Nyaya hazikukatwa. Zimefungwa na kamba ya samaki, kwa mupango wake."

Kitwa alimwonyesha ile kamba. Bokungu aliitazama, kisha akatazama vumbi.

"Bantu ya kwa mwalimu beko bazima?" aliuliza, akiwatupia askari jicho. "Basoda habakupiga muntu kule?"

"Hapana. Juu ya nini unauliza?"

"Bure tu. Basi njo vizuri."

"Bokungu, weye unayua muntu."

"Siyue muntu, shefu."

Kitwa aliondoka akiwa na hakika kwamba fundi anaficha kitu, na katika hilo hakukosea. Alikosea tu kudhani kwamba mwenye kuficha ndiye mwenye hatia.

Fundo la samaki lilimpeleka kwa Ferdinand, mfanyabiashara wa samaki aliyelitaka gari lile kabla ya Noé, akalikosa, akasema hadharani kwamba mwalimu angebaki na chaki yake. Ilibidi amngojee muda mrefu. Ferdinand aliingia sokoni saa saba kasoro, anasukuma baiskeli, matope mpaka kiunoni, pamoja na wenzake watatu. Walikuwa njiani kutoka Kinkondja tangu juzi, na wote waliapa hivyo.

"Minyi niibe delko? Ningeiba gari!" Ferdinand alisema. Kisha akaichukua kamba mkononi mwa Kitwa, akaigeuza. "Hii fundo si ya kwetu banaume. Shiye tunakaza mara mbili juu ya baiskeli. Hii njo ya bamama ba ku ziwa, bale banakausha samaki."

Wa ziwani. Talitha alizaliwa Kinkondja, kando ya ziwa. Kitwa alirudi kwa Noé mbiombio, moyo mzito, kwa maana alimpenda shemeji yake na hakutaka awe yeye. Alifika saa nane. Talitha alikuwa anavuka kiwanja na sahani ya bukari, yaani ugali, iliyofunikwa, anampelekea mama yake. Noé, aliyekuwa amekaa nje, aligeuza kiti chake akatazama ukuta mpaka mlango wa kijumba ulipofungwa. Kitwa alimtazama ndugu yake akigeuza kiti, kisha akautazama mlango uliofungwa.

"Ndugu," alisema. "Kale kajumba, ulitafuta mule?"

"Ézéchiel! Ningeingia namna gani? Mu chumba ya muko wangu?"

"Ulisema kila pahali."

"Kila pahali pa kuingia."

Kitwa hakuwa na la kumlaumu. Yeye mwenyewe alisimama mbele ya mlango ule asubuhi, akaupa mgongo, akaenda kupindua nyumba za watu wengine.

Mahojiano yale Kamina wanayasimulia hadi leo. Inspekta alikaa kwenye kigoda, mgongo wake kwa mlango wa kijumba. Noé alisimama nyuma ya Land Rover, haonekani. Talitha alibaki kizingitini kupeleka maneno.

"Talitha, umuulize mama. Delko iko kwake?"

Talitha aliuliza kwa Kiluba. Akajibiwa. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Anasema iko. Iko mu kikapo ya mihogo."

"Umuulize juu ya nini."

Safari hii Mama Tamar hakungoja binti yake. Sauti ilitoka gizani, ya mtu aliyechoka.

"Umwambie muko wangu. Jean-Baptiste, mutoto yangu, basoda balibeba gari yake na yeye mwenyewe ndani, ku njia ya Kabalo. Balisema weye njo dereva. Gari, tulisikia baliichoma. Yeye, hatukusikia kitu mpaka leo. Bale bantu habakamate gari tu, banabeba na mwenyewe. Nilituma neno humu ndani: gari ibakie na kutu yake, bamupake hata matope. Weye Talitha, ulimwambia bwana yako nini?"

Talitha aliziba uso kwa mikono. "Nilimwambia mama anapenda rangi."

"Ulisema vile?"

"Alikuwa na furaha, mama. Sikutaka kumuvunja."

Kitwa aliendelea na maswali.

"Nani alimuonyesha delko?"

"Bokungu," sauti ilijibu. "Yeye si muko wangu. Alikuwa anaikala hapa ku mulango, tunakula viazi, ananielezea kila chuma. Mu hii lupango njo yeye tu alikuwa anazungumuza na minyi. Alisema, mama, ukitosha hii, ukiichomoa, gari iko jiwe."

Basi Bokungu alijua. Alijua tangu aliposikia habari ya kamba, na mkono wake umefungwa kwenye gurudumu, akachagua kuuliza tu kama mama mzee ni mzima.

"Umuulize, na vile bamemufunga Bokungu, juu ya nini amenyamaza?"

Hapo ndipo Mama Tamar alipoanza kulia. "Niliwaza yeye ni mutoto wa basoda. Alizaliwa ku base, banasema luga moja. Niliwaza habatamufanya kitu, batamuacha tu. Na nikisema, banabeba Noé."

Noé alitoka nyuma ya gari. Alifika mpaka karibu na mlango, macho chini, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yake ya miaka kumi na minane akasema na mama mkwe wake.

"Mama," alisema. "Jina ya Bokungu, njo minyi niliitaja."

Akanyoosha mkono bila kutazama. Delko ikawekwa kiganjani, na hakuna aliyejua kama ni Talitha aliyeiweka au mama yake. Aliirudisha mahali pake, nyaya kwa mfuatano, na injini ikawaka mara moja. Kitwa akapanda kando yake.

"Utafika pale batakubeba weye."

"Ninayua," alisema Noé, akaingiza gia.

Kambi ilikuwa tupu. Majivu ya moto, viatu vilivyochakaa, na mwanamke mmoja anayeokota makopo. Habari ilikuja kwamba waasi wako Kabongo, alisema, na askari hawakungoja saa kumi. Waliondoka saa saba.

"Na mekanisie wa kufungwa?"

"Dereva yabo alitoroka usiku. Balimukalisha yeye ku usukani ya camion ya mbele, bunduki hapa." Akagusa shingo yake.

Saa saba Kitwa alikuwa sokoni, anajadili mafundo na Ferdinand. Kama angeingia katika kile kijumba asubuhi, Bokungu angekula chakula cha mchana nyumbani kwake. Hakuna namna ya kulizunguka jambo hilo, na Kitwa hakujaribu.

Walifuata njia ya Kaniama. Gari lilipanda na kushuka katika mashimo bila kulalamika, resori ngumu, magurudumu mapana, kila kitu kama Bokungu alivyokitaka. Likawafikisha kwenye mto wa kwanza. Jeshi lilikuwa limeng'oa mbao zote za daraja na kuzitupa majini, na mto wa masika ulikuwa umejaa. Noé alipiga honi. Alipiga honi muda mrefu, akitazama ng'ambo, mpaka Kitwa akaushika mkono wake.

Hawakurudi nyumbani. Walikwenda nyuma ya gare. Watoto wa Bokungu waliusikia mlio wa injini kabla gari halijapinda kona, na mlio ule waliujua, maana baba yao pekee ndiye aliyelijaribu barabarani kila lilipotoka karakana. Walitoka mbio wakipiga kelele, "Papa! Papa!" Gracia alitoka nyuma yao, anafuta mikono kwenye kitenge, anacheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Kisha akaona nani anayeshuka.

Kitwa alisimulia yote tangu mwanzo, hakujificha, hakumficha mtu.

"Kwa yule mama muzee," Gracia aliuliza, "hamukuingia asubuhi?"

"Hatukuingia."

"Juu ya nini?"

"Juu ya heshima. Ni muko wetu."

"Na huyu wa kwangu?"

Alimwonyesha kwa kidevu. Ndani, mama yake alikuwa amelala sakafuni, kwa sababu mguu wa kitanda ulivunjika kilipopinduliwa na mkeka wake ulilowa maji yaliyomwagika wakati wa upekuzi. Kitwa aliona haya kama hajawahi kuona haya maishani mwake. Alivua kofia, akakosa pa kuiweka.

"Mama Gracia," Noé alisema, akimnyooshea ufunguo, "hii gari njo yako sasa. Ninakuachia."

"Nitaipeleka wapi? Na nani ataendesha?" Hakusema kwa hasira. "Endeni tu. Watoto, ingieni."

Wawili waliingia. Mdogo, msichana wa miaka minne, hakusikia alipoitwa. Alikuwa anaizunguka Land Rover polepole, anajiinua kwa vidole vya miguu, na kuchungulia kila dirisha.