Waliniita Kikao Taya Langu Likiwa Limefunga

"Tunakuuliza kwa mara ya mwisho! Huyo mwanaume aliyekushika mashavu ni nani?!"

Baba mkubwa wa mume wangu alipiga meza, vikombe vya chai vikaruka.

Nikafungua mdomo nijibu...

Haukufunguka!

Jamani, naandika haya kwa sababu kuongea sana bado kunaniuma. Nivumilieni, mwenzenu nina mengi.

Mimi ni fundi cherehani. Kwa miaka nimekata uzi kwa meno na kubana pini mdomoni kutwa nzima. Nikilala nasaga meno mpaka mume wangu anaamka. Alikuwa ananitania, "Fundi wangu, leo umetafuna kitanda kizima!"

Ilianza kidogo. Nikipiga mwayo, mbele ya sikio kunalia... tak! Nikawa nacheka. Baadaye maumivu yakapanda sikioni, yakashuka shingoni. Nikang'oa jino. Jino la watu halikuwa na kosa lolote, maumivu yakabaki palepale.

Ndipo hospitali wakanipeleka kwa mtaalamu wa viungo, kaka mmoja mpole mwenye mikono mikubwa. Akaniambia niingize vidole vitatu mdomoni, kimoja juu ya kingine. Viliingia viwili, tena kwa shida.

"Gusa hapa mbele ya sikio, dada. Hiki ni kiungo cha taya. Kati ya mifupa kuna kipande cha gegedu, kama kile unachotafuna mwishoni mwa mfupa wa kuku. Kinazuia mfupa usisage mfupa."

"Changu kimefanya nini?"

"Kimeteleza mbele, na kimeanza kulika. Kikirudi mahali pake ndiyo huo mlio. Siku kikigoma kurudi, na mdomo unagoma."

"Kitapona?"

"Kikishalika hakiwi tena kama zamani. Ila maumivu tutayapunguza. Kula vitu laini, usibane meno, na kila asubuhi ukandwe kwa kitambaa cha moto. Na uzi kata kwa mkasi. Mkasi unao wa nini?"

Wa kunikanda nilikuwa naye ndani.

Kila asubuhi mume wangu alichemsha maji, akakamua kitambaa, akakibandika shavuni kwangu na kiganja chake juu. Naamka taya limekaza, na bila hivyo maneno yanatoka kama ya mlevi. Akimaliza ananiambia, "Haya Fundi, sema kitu."

Na neno langu la kwanza la siku lilikuwa jina lake.

Sasa asubuhi ya kikao nikamwona anafunga vifungo vya shati. Nikamwonyesha shavu langu.

"Gesi imeisha, mke wangu. Twende, wazee wameshafika."

Wazee gani tena?!

Naingia sebuleni hata uso sijanawa, namkuta baba mkubwa, shangazi yao, wifi yangu... na mama yangu mzazi! Amekaa ukingoni mwa kiti, mkoba kaukumbatia.

Wifi akaanza. Eti jirani yetu, yule dada mwenye saluni, alipita hospitali akaniona dirishani. Nimefumba macho, mwanaume kanishika mashavu kwa mikono miwili.

Kweli aliniona! Nilikuwa nakandwa taya na yule mtaalamu!

"Nn'... nn'taala..."

"Sema vizuri!" shangazi akanikaripia.

Nikalazimisha. Maumivu yakanichoma mpaka sikioni, machozi yakatoka yenyewe.

"Si mnaona? Analia," wifi akasema. "Hata maneno yanamgoma."

Nikafanya ishara ya kalamu, niandike.

"Hatuko shule hapa! Asiye na kosa anasema kwa mdomo wake!"

Nikakamata kikombe cha chai kilichokuwa mbele yangu. Kilikuwa kinafuka moshi. Nikakibandika shavuni, labda taya lingelegea kidogo tu, nipate hata neno moja...

"Weka kikombe chini! Dharau gani hii?!"

Baba mkubwa ndiye aliyesimamia ndoa yetu. Alishawahi kumwambia mume wangu mbele yangu, "Mke huyu humwachi bila kosa." Kwa hiyo akamgeukia yeye.

"Huyo mwanaume unamjua?"

Nikamwangalia mume wangu. Nilijua ataniokoa. Anajua taya langu kuliko mtu yeyote pale ndani.

Akaangalia sakafu.

"Simjui, baba. Mimi naambiwa tu anaenda hospitali."

Ndoa yangu ikaishia hapo, nikiwa nimekaa naitazama. Nikaambiwa nirudi kwetu.

Getini mama akanishika mkono. "Mwanangu... ungesema hata neno moja."

Wakwe hawakuniuma kama neno hilo la mama. Nililia njia nzima.

Mtanicheka, lakini hata hapo sikumchukia mume wangu. Nilisema mwanaume gani atasikia habari ile asichanganyikiwe? Kosa ni la taya. Nikipata wa kunisemea, narudi kwangu.

Taya lilipolegea nikaenda kwa yule mtaalamu.

"Kaka, naomba uje uwaambie mimi ni mgonjwa wako. Mume wangu hakujui."

Akanishangaa. "Hanijui? Si yule mrefu mwenye kovu kwenye nyusi? Mbona alikuja hapa! Alikaa kiti hichohicho."

"Lini?!"

"Siku chache kabla hujaacha kuja. Nikasema huyu dada kapata mume! Aliuliza maswali mazuri sana."

"Maswali gani, kaka?"

"Aliuliza, siku ukiamka usipokandwa, unaweza kuongea? Nikamwambia hapana, mpaka jua lipande hutasema kitu kikaeleweka. Akanishukuru, akanipa mkono."



Gesi!

Gesi iliyoisha ndiyo iliyochemsha chai ya ukoo mzima! Nilikishika kile kikombe mwenyewe, nikausikia moto wake shavuni, na akili haikunijia!

Nilikwenda kwa baba mkubwa mchana, nimeshajikanda, mtaalamu yuko pembeni yangu. Nikasema yote, taya linauma, sikuacha hata neno. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Nisamehe, binti yangu. Rudi nyumbani."

"Nyumbani wapi, baba?"

Maana yule dada wa saluni alishahamia kwa mume wangu. Mapazia niliyoshona kwa mikono yangu ndiyo anayoyafungua kila asubuhi.

Mzee hakuwa na jibu. Mimi sikumpigia meza.

Ndugu zangu, taya likianza kulia, usicheke kama mimi, na usikimbilie kung'oa jino. Nenda ukapimwe mapema. Na ukikaa kwenye kikao ukaona mtu kanyamaza, kabla hujamhukumu muulize kama anaumwa. Kuna watu wana jibu na hawawezi kulitoa.

Siku hizi vidole viwili na nusu vinaingia. Anayenikanda ni mama. Hajui kukamua kitambaa, maji yananichuruzika mpaka kifuani, nami namwacha, najua anaomba msamaha kwa njia yake. Akimaliza ananiambia, "Haya mwanangu, sema kitu."

Namwambia, "Asante, mama."

Lakini nisiwadanganye... kila asubuhi taya likilegea, neno linalotangulia kuja mdomoni bado ni jina lake.

Na ili lisitoke, inabidi nibane meno.