Siku Zuhura Alipomwamkia Hamza

Siku ile mjinga alikuwa Hamza. Tuseme hivyo mapema, asije mtu akatafuta mwingine wa kumtwisha. Mwenyewe wala hakatai. Ukimuuliza leo atakuambia, "Mjinga nilikuwa mimi," atacheka kidogo, halafu ataacha kucheka.

Hamza alikuwa darasa la sita. Kila siku akitoka shule alipita nyumbani Kihonda, akavua sare, akala chochote alichobakishiwa, kisha akakimbilia Mazimbu na rafiki yake Parag, ambaye baba yake ana duka la vitambaa mjini. Huko Mazimbu, kwenye uwanja wa chuo, timu ya taifa ya wasichana ya raga ilikuwa kambini.

Raga! Mji mzima ulipigwa na butwaa. Watu walizoea mpira wa mviringo unaopigwa kwa miguu. Sasa hawa walikuwa na mpira wenye umbo la papai, wanaukumbatia kama mtoto mchanga, wanaurusha nyuma ili waende mbele! Zaidi ya hayo, timu hiyo changa ilikuwa inakwenda kwa mara ya kwanza kwenye mashindano makubwa ya Afrika, kukutana na nchi ambazo raga kwao ni ya babu na baba. Vijiweni watu hawakubishana kama itafungwa. Walibishana itafungwa ngapi.

Mmoja wa wachezaji alikuwa Zuhura, binti wa shangazi yake Hamza. Zuhura alikulia juu milimani, Towelo, akishuka na tenga la ndizi kichwani tangu angali mdogo. Njia zile za mawe na utelezi zilimpa miguu ambayo hakuna aliyeweza kuikamata. Kwa kuwa kambi haikuwa na vitanda vya kutosha, wenye ndugu mjini waliruhusiwa kulala kwao, naye alilala kwa mjomba wake, yaani nyumbani kwa kina Hamza.

Na kwa Waluguru, mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi ni watani. Unaweza kumwambia mwenzako ana masikio ya punda, naye haruhusiwi kununa. Wawili hawa waliitumia ruhusa hiyo mpaka ikachakaa. Kitu kimoja tu hawakukigusa: Bibi Mwanvita, bibi yao wote wawili, aliyefariki mwaka uliotangulia.

Jumatano hiyo Hamza alifika uwanjani akiwa na maneno tayari mdomoni.

"Mtani!" alipiga kelele. "Afrika Kusini wanawasubiri! Watawafunga mpaka anayehesabu pointi aombe maji!"

"Na sisi tukifunga je?" Zuhura alijibu huku akikaza kamba za viatu.

"Mkifunga trai moja tu, nabeba tenga la ndizi kichwani toka Towelo mpaka sokoni. Tena mchana kweupe!"

Trai ndilo bao lao: unavuka mstari wa wapinzani na kuugusisha mpira chini.

"Parag, umesikia?"

"Nimesikia, dada. Mimi nitamfuata nyuma nikipiga picha."

Mazoezi yakaanza. Zuhura alipokea mpira, akachomoka. Felista, mwenzake mwenye mabega mapana, akaja kumkaba, na vichwa vyao vikagongana, ko! Zuhura alianguka, akakaa, akajifuta majani, akasimama na kuinua dole gumba. Kocha Hidaya alikuwa upande wa pili akiwaelekeza wengine, hakuona. Mchezo ukaendelea.

Mpira uliofuata, Zuhura aliudaka, akageuka, akatimua mbio kuelekea mstari wa timu yake mwenyewe. Akaugusisha chini, akainua mikono juu kwa furaha.

Hamza alilala kwenye nyasi kwa kicheko. "Wallahi wamefunga! Wamejifunga!"

Walipokuwa njiani kurudi nyumbani, Zuhura aliuliza, "Leo siku gani?"

"Siku ya mazishi ya timu yenu," Hamza alijibu.

"Aa." Walipovuka barabara akauliza tena, "Hamza, leo siku gani?"

"Si nimekwambia? Mazishi. Lete sanda."

Mlangoni Zuhura alisimama, akamtazama Hamza, akakunja magoti kidogo. "Shikamoo," alisema.

Msichana wa miaka kumi na minane, anamwamkia mtoto wa darasa la sita! Hamza alijishika kiuno kama mzee mwenye baridi yabisi. "Marahaba, mjukuu wangu. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo," Zuhura alijibu taratibu, akaingia ndani.

Hamza alimvulia kofia moyoni. Utani gani huu! Hata kutabasamu hakutabasamu!

Mama yake Hamza alipopakua wali, Zuhura alichukua sahani moja, akaitia mchuzi, akaifunika vizuri kwa kawa na kuiweka pembeni.

"Hiyo ya nani, mwanangu?" mama aliuliza.

"Ya Bibi. Si mnajua hapendi chakula kikipoa?"

Hamza alifungua mdomo acheke, kicheko kikagoma. Alimtazama Zuhura usoni akingoja lile jicho la utani. Halikuja.

"Bibi yupi?" mama aliuliza kwa sauti ndogo.

"Bibi Mwanvita." Zuhura alishangaa kuulizwa. Kisha aliziona nyuso zao, akaitazama sahani, na kumbukumbu ikamrudia. Alijiziba mdomo, akakimbilia uani na kutapika.

"Malaria hiyo," mama alisema akiinuka. "Kesho asubuhi akapime."

Hamza alibaki ameganda, tonge mkononi. Mstari wa timu yake mwenyewe. Siku gani leo. Shikamoo. Hakuna hata kimoja kilichokuwa utani! Mtani wake alikuwa akipotea mbele ya macho yake, naye akimpigia makofi.

"Mama, si malaria! Aligonga kichwa uwanjani!"

"Usimsikilize," Zuhura alisema kutoka uani, akijifuta mdomo. "Huyo ni mtani wangu. Lini umemsikia akisema la kweli?"

Mama akaguna, nusu akicheka. Zuhura akamvuta Hamza pembeni. 

"Nyamaza, nakuomba. Jumamosi tunapanda ndege. Kocha akijua ataniacha, nami nimengoja hii safari tangu nianze kushika mpira. Wewe endelea kunicheka. Ndiyo kazi yako."

Hamza alimtazama, akautazama mlango. Jua lilikuwa bado halijazama. Akatoka mbio.

Kambini, wasichana walikuwa wakila. "Mbeba tenga huyoo!" walipiga kelele.

"Kocha, shikamoo," Hamza alisema akihema.

"Marahaba. Umekuja kutuhesabia tutakavyofungwa?"

"Kocha, Zuhura amegonga kichwa. Ameuliza leo siku gani mara mbili. Ameniamkia, Kocha. Mimi! Ameniambia shikamoo!"

Wasichana walivunjika mbavu. Mmoja alikunja magoti na kusema, "Shikamoo, mzee Hamza," wakaangua kicheko upya. Hamza alisimama katikati ya kicheko kile, na kwa mara ya kwanza akaonja utani wake mwenyewe. Machozi yakamtoka.

"Amemwekea chakula Bibi yetu," alisema. "Bibi tulimzika mwaka jana."

Vijiko vilitua. Felista alijishika paji la uso, palipokuwa na nundu. "Kocha," alisema, "ni kweli tuligongana. Alipoinuka nikajua mzima."

Kocha Hidaya hakungoja la zaidi. Alitafuta gari, na muda si mrefu Zuhura alikuwa hospitalini. Daktari alimmulika machoni, akamuuliza maswali mepesi, na mengine Zuhura alishindwa. Ubongo ulikuwa umetikisika, daktari alieleza, na dawa yake kubwa ni kupumzika mpaka upone kabisa. "Angegongwa tena akiwa katika hali hii," alisema, "angeweza asiinuke kabisa." 

Jumamosi timu iliondoka bila Zuhura. Hakumsemesha Hamza, wala hakumtukana, na hilo la kutotukanwa ndilo lililomuuma zaidi.

Mechi wote wawili walizitazama dukani kwa baba yake Parag, kati ya majora ya vitambaa. Ya kwanza, dhidi ya mabingwa, ilikuwa kipigo kama kijiwe kilivyotabiri. Lakini kuelekea mwisho, Felista aliuchukua mpira, akawaburuta mabingwa wawili mgongoni, akauvusha mstari. Trai! Duka zima lililipuka. Hamza aliruka juu kuliko wote, na alikuwa bado hewani alipokumbuka.

Sauti ikasikika sikioni mwake, ya mtu aliyekuwa kimya siku nyingi. "Mtani. Tenga."

Mechi ya mwisho walipoteza kwa trai moja tu, wakakosa kuvuka kundi. Timu iliporudi, Hamza alishuka kutoka Towelo na tenga kichwani, shingo imezama mabegani, Parag nyuma yake akipiga picha, Zuhura na Kocha Hidaya wakimsindikiza kwa vicheko.

Sokoni, Mzee Wilfred, muuza viazi asiyeshindwa ubishi, aliwasimamisha.

"Kijana huyu ndiye aliyetukosesha! Angefunga mdomo, Zuhura angecheza, mngevuka. Trai moja tu, Kocha! Mimi ujanani nilicheza na kichwa kinavuma kama mashine ya kusaga, na sikufa!"

Watu walianza kutikisa vichwa kukubali. Hamza alitua tenga. 

"Mzee wangu," Kocha Hidaya alisema, "utani una wakati wake, na kijana huyu alijua wakati wa kuuacha, hata tulipomcheka. Maumivu ya kichwa hayafichwi, hata kwa kombe la dunia. Mashindano yatarudi, na Zuhura atacheza. Lakini kama wewe unauza vichwa vya akiba hapo kando ya viazi, hebu nipimie kimoja."