Vigingi Sitini na Vinne

Habari hii alinisimulia mjukuu wangu mwaka jana, siku ya pili ya likizo, nikimsuka nywele. Ana miaka kumi na miwili, na kwa jinsi anavyosema bila kupumua tunamwita Chiriku. Siku hiyo lakini alisema polepole.

Alikuwa akikaa kwa shangazi yake, mtunza mimea ya porini. Asubuhi alifagia uwanja, akachemsha chai, akaenda shule. Jioni alimfuata shangazi kilimani, kwenye vichaka vya miiba. Huko, ndani ya uzio wa waya, kuna mmea mdogo wenye majani manene kama ndewe za sikio, ambao haujaonekana mahali pengine popote. Hujificha chini ya vichaka. Kando ya kila mmea shangazi alipigilia kigingi chenye kibati cha namba, na kila mwaka aliihesabu mimea hiyo.

Mwaka huo mvua haikunyesha ya maana. Halafu shangazi akateguka mguu.

"Nendeni nyinyi," alimwambia Chiriku na rafiki yake, binti wa fundi cherehani. "Inameni kila kichaka. Mkiona mmea uko hai, tieni alama kwenye karatasi hii."

Jua lilikuwa kali. Walipofika kigingi cha sita, mwiba ulikuwa umeshamchana binti wa fundi mgongoni.

"Mimi siinami tena, sikuzaliwa mjusi!" alisema. "Kigingi kipo, mmea upo. Tuhesabu vigingi, twende zetu."

"Na shangazi je?"

"Kwani ana macho ya kuona hadi huku?"

Wakacheka, wakahesabu wamesimama. Vigingi sitini na vinne. Ila kwenye kile cha mwisho Chiriku aliinama kufunga kiatu, akaona kando yake hamna mmea. Kishimo tu, na vumbi. Upepo ukavuma, vibati vikagonga vigingi, kilima kizima kikalia kama meno ya mtu anayetetemeka. Chiriku akakaza kamba za kiatu, akatia alama ya mwisho.

"Yote iko hai?" Shangazi alifurahi hadi akasahau mguu. "Basi naandika kwamba haiko hatarini tena. Ijumaa lori litakuja kung'oa uzio, upelekwe kunakohitajiwa zaidi. Mbuzi wakionja mmoja mmoja, si neno."

Tangu hapo Chiriku hakutulia. Kifuniko cha sufuria kikitikisika, alisikia vibati. Akifumba macho, aliona kishimo. Alhamisi mwalimu aliita majina darasani, mtoto mmoja hakuitika, na Chiriku akaangua kilio mbele ya watu.

Alirudi nyumbani mbio. "Shangazi, tulihesabu vigingi. Hatukuinama."

Shangazi alijiinua kwa mguu mmoja. "Mwite mwenzako. Na unipe fimbo."

Binti wa fundi alipoiona fimbo alijikunyata mlangoni, kumbe ni ya kutembelea.

Walipanda wote watatu. Safari hii waliinama, shangazi akitambaa na mguu wake mbovu, akisoma namba kwa sauti.

"Kumi na tisa?" Kimya. "Ishirini? Huu niliuacha na ua." Kimya.

Kati ya sitini na minne, ilibaki kumi na mmoja.

"Tumeiua sisi?" binti wa fundi aliuliza kwa kwikwi.

"Hapana, mama. Jua ndilo lililoiua. Lakini aliyekufa akiandikwa mzima, nani atakuja kuwasaidia waliobaki? Kazi ikikushinda, sema imenishinda. Pakiwa patupu, andika patupu. Kwa hesabu yenu ile, hata hii kumi na mmoja ingeliwa, na karatasi ingesema bado ipo."

Alipiga simu palepale, lori likazuiwa. Uzio ulibaki. Mbegu chache walizookota alizifunga kwenye leso yake.

Walirudi jua likizama. Binti wa fundi alipitiwa na usingizi mkekani kabla chai haijachemka. Shangazi alikaa akiandika upya, akipiga mstari juu ya kila namba iliyokufa na kuitaja. Hamsini na tatu. Chiriku alitaka kuzisikia zote. Walipofika ya arobaini shangazi akasinzia, kalamu mkononi. Chiriku aliichukua taratibu, akapiga mistari iliyobaki akinong'ona namba moja moja, kisha naye akalala.